Mwalimu alipotoka ubaoni akaingia kwenye simu



Kila tarehe 30 Aprili nchi yetu inakumbuka elimu na walimu. Kuna hotuba, watoto wanaimba, na kesho yake mwalimu anarudi darasani na chaki yake. Mwaka 2020 siku hiyo ilipofika hapakuwa na darasa la kurudia. Shule zilikuwa zimefungwa zaidi ya mwezi mzima. Mwalimu alikuwa nyumbani, simu mkononi, akitafuta namna ya kufundisha watoto asiowaona.

Juu ya watoto wa wakati ule tumesema mengi: waliozoea kuzurura, waliokwenda kuuza biskuti barabarani, wasichana waliopata mimba, wavulana waliokwenda kwenye mitumbwi na hawakurudi tena darasani. Juu ya mwalimu tumesema kidogo. Ila katika vikundi vyetu, kuanzia Kalundu na Kimanga hadi Kasenga, Mulongwe na Kavimvira, wamo wamama wengi wanaofundisha. Tuliketi nao na kuwauliza: kazi yenu ilibadilika namna gani? Majina yao na ya shule zao hatuyataji, ndivyo walivyoomba. Maneno yao tunawaletea kwa sababu yanatugusa sisi wazazi pia.

Shule zilipofungwa

Tukumbushane kwanza. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika nchi yetu alitangazwa tarehe 10 Machi 2020 kule Kinshasa. Siku tisa baadaye, tarehe 19 Machi, shule zote na vyuo vikuu vilifungwa, hata huku kwetu ambako ugonjwa ulikuwa haujaonekana. Tarehe 24 Machi Rais alitangaza hali ya dharura. Mpaka wa Kavimvira nao ukafungwa, na wamama waliokuwa wakivuka kila asubuhi kwenda Gatumba na Bujumbura kuuza na kununua wakakaa na mizigo yao.

Jambo moja liliwashangaza watoto wetu. Ng'ambo ya Ruzizi, Burundi, shule hazikufungwa. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, shule zilifungwa katikati ya Machi lakini mwisho wa Juni watoto wote walikuwa wamerudi. Kenya ilifunga kwa muda mrefu zaidi: madarasa machache yalirudi Oktoba 2020 na mengine yote Januari 2021. Uganda ndiyo iliyokaa zaidi ya wote, karibu miaka miwili, hadi tarehe 10 Januari 2022. UNESCO ilihesabu kwamba katika kilele cha ugonjwa wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya madarasa.

Kwetu, tarehe 10 Agosti 2020 walirudi watoto wa mwaka wa sita wa msingi na wale wa mwisho wa sekondari, ili wafanye mitihani ya taifa. Wengine walingoja hadi mwaka mpya wa shule, tarehe 12 Oktoba. Kisha tarehe 18 Desemba milango ikafungwa tena, na ikafunguliwa tarehe 22 Februari 2021. Mara mbili ndani ya mwaka mmoja mwalimu alitoka darasani bila kujua siku ya kurudi.

Maji nayo yakaja

Hapa Uvira tulikuwa na msiba mwingine juu ya huo. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika. Watu zaidi ya arobaini walikufa, maelfu ya nyumba yakabomoka au kujaa tope, na familia nyingi zikakimbilia makanisani na katika vyumba vya shule. Madarasa yaliyofungwa kwa ajili ya korona yakawa makao ya waliopoteza nyumba.

Mwalimu mmoja wa darasa la tano alitueleza kwamba usiku ule alitoka na watoto wake na godoro moja. Asubuhi alikuta vitabu vyake vya kufundishia vimelowa, na kaye za wanafunzi alizozibeba nyumbani ili azikosoe zimekuwa donge la tope. Simu ilipona kwa kuwa ilikuwa kwenye mfuko wa nguo. "Niliyobaki nayo kama shule ni ile simu," alisema. Wengine hata simu haikupona.

Ndiyo sababu mtu wa mbali akituambia kwamba wakati wa korona masomo yalihamia kwenye intaneti, sisi tunamjibu polepole. Kwetu yalihama kwa njia tatu: simu, redio na karatasi. Na katika zote tatu mwalimu ndiye aliyekuwa akikimbia.

Kazi ya simu ilivyokuwa

Tuanze na simu. Shule chache za mjini, zaidi zile za binafsi, ziliwaomba walimu wafungue makundi ya WhatsApp. Kila darasa kundi lake, na wazazi waingie.

Mama anayefundisha darasa la nne alikuwa na wanafunzi zaidi ya hamsini. Kwenye kundi waliingia wazazi tisa. Wengine walikuwa na simu ndogo za kubonyeza, wengine hawakuwa na simu kabisa, na wengine simu kubwa ilikuwa ya baba, na baba alikuwa migodini au Baraka. Watoto tisa kati ya hamsini: hilo ndilo darasa alilobaki nalo. Hakulala vizuri kwa kuwafikiria wale wengine, kwa sababu aliwajua kwa majina na alijua nani kati yao alikuwa ameanza tu kuelewa kugawanya.

Tulimwomba atueleze siku yake moja. Asubuhi anaandika somo kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Analipeleka uani kwenye mwanga na kulipiga picha, kwa kuwa ndani ya nyumba picha inatoka nyeusi. Anarekodi sauti ya kueleza, dakika tatu au nne, akiomba watoto wake wanyamaze na jirani apunguze muziki. Akikosea katikati anaanza upya. Kisha anangoja mtandao. Siku nyingine picha inachukua nusu saa kuondoka, siku nyingine haiondoki hadi usiku.

Mchana majibu yanaanza kuingia: picha za kaye, nyingine zimepinda, nyingine zina giza, nyingine zimepigwa na mtoto mwenyewe hata kidole kimefunika hesabu. Anazisoma moja moja kwenye kioo kidogo, anaandika makosa kwenye karatasi yake, anamjibu kila mzazi. Darasani kaye moja inakosolewa kwa dakika moja. Kwenye simu inachukua dakika tano au sita, na macho yanauma.

Jambo lililomchosha kuliko yote ni kwamba siku ilikosa mwisho. Shuleni kengele inalia, mwalimu anafunga mlango. Kwenye simu mzazi anayerudi kutoka sokoni saa mbili za usiku ndipo anapofungua kundi, na anauliza wakati huo. Mwingine anauliza saa tano. Mwalimu asipojibu anaambiwa kesho yake kwamba ameanza kuringa.

Namba ya simu ya mwalimu

Kuna jambo ambalo wamama hawa walilisema kwa sauti ya chini, na sisi tunalisema wazi. Mwalimu mwanamke alipoingia kwenye kundi, namba yake ilionekana na kila mtu aliyekuwa humo. Baadhi walianza kupigiwa usiku na wanaume wasiohusika na somo lolote. Mmoja alitumiwa maneno ya aibu na mtu aliyejiita mzazi wa mwanafunzi. Nyumbani mume aliona simu inaita saa nne za usiku na ugomvi ukaanza. Mama huyo alibadilisha namba, na pamoja na namba akapoteza wale watoto wachache waliokuwa wakifuata masomo.

Na upande wa watoto ni vilevile. Msichana wa miaka kumi na minne aliyepewa simu ya kaka ili afuate somo la Kifaransa alikuwa pia mbele ya kila mtu aliyekuwa na namba ile. Darasani mwalimu anaona nani anaingia mlangoni. Kwenye simu haoni.

Mfuko wa mwalimu

Sasa tuje kwenye pesa. Mwezi Septemba 2019, miezi sita tu kabla ya korona, serikali ilikuwa imeanza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, kama Katiba inavyosema katika kifungu cha 43. Wazazi tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini miaka mingi mwalimu alikuwa akiishi kwa prime iliyotoka kwetu. Prime iliondolewa kabla walimu wote hawajaingizwa kwenye orodha ya malipo ya serikali. Wengi walikuwa bado wale wanaoitwa NU, yaani wanafundisha, wana namba au wanaingoja, na hawajalipwa. Korona iliwakuta hapo.

Mwalimu wa shule ya binafsi alikuwa na shida ya namna nyingine. Shule ikifungwa mzazi halipi minervali. Mzazi asipolipa, mwalimu halipwi. Hakuna aliyefukuzwa kazi na hakuna aliyepata mshahara. Wengine waliambiwa waendelee kutuma masomo ili watoto wasihame shule, na malipo yatazungumzwa mambo yakitulia.

Katika hali hiyo, nani alinunua mega? Mwalimu. Nani alilipia kuchaji simu kwa kinyozi umeme ulipokosekana siku tatu? Mwalimu. Darasani chaki inatoka kwa direkta. Kwenye simu chaki, ubao na hata chumba cha darasa vilitoka kwenye mfuko wa mtu ambaye hakuwa na mshahara. Mwalimu mmoja alitueleza hesabu yake kwa njia ambayo kila mama anaielewa: fungu la ndagala, au mega za juma. Majuma mengine alichagua mega. Majuma mengine alichagua ndagala, na kundi likanyamaza.

Wengi walianza kazi nyingine. Walikaanga mandazi, waliuza makaa, walikwenda Kiliba na Sange kutafuta mihogo na mchele wa kuuza mjini. Aibu ilikuwepo mwanzoni, mwalimu kukutwa na mwanafunzi wake akiwa na beseni kichwani. Ikaisha. Baadhi ya wazazi walinunua kwa makusudi kwake, na hilo walimu hawajalisahau.

Redio na karatasi

Kwa watoto wengi simu haikufika, ila redio ilifika. Radio Okapi, ambayo iko hewani tangu mwaka 2002, ilianzisha Okapi École, masomo ya msingi na ya sekondari yaliyotolewa hewani. Redio ina uzuri wake: nyumba nzima inasikia, na betri zake si ghali kama mega.

Ila redio haiulizwi swali. Ikisema jambo mtoto asipolishika, inaendelea. Tena mambo mengi yalikuwa kwa Kifaransa, na watoto wa madarasa ya chini kwetu huanza kusoma kwa Kiswahili. Kwa hiyo walimu wa mitaa walipata kazi ambayo haikuandikwa popote: kukaa chini ya mwembe na watoto watano au sita, kusikiliza somo pamoja nao, kisha kulieleza upya kwa Kiswahili. Sheria ya wakati ule ilikataza mikutano ya watu zaidi ya ishirini, basi waliwagawa na kuwaketisha mbali mbali. Ndoo ya maji na sabuni vilikuwa mlangoni. Hilo kwetu halikuwa geni, kolera ilitufundisha kunawa mikono zamani kabla ya korona.

Njia ya tatu ilikuwa karatasi. Mwalimu aliandika maswali, akatoa fotokopi chache kadiri ya mfuko, akampa mtoto wa jirani apeleke kwa wengine, na baada ya siku kadhaa akapita nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Waliofanya hivyo walituambia neno moja linalofanana: kwa mara ya kwanza waliona watoto wao wanaishi wapi. Mwalimu aliyekuwa akimpiga makofi ya maneno mtoto anayesinzia darasani alimkuta anachota maji mtoni tangu saa kumi za usiku. Aliyedhani mtoto fulani ni mvivu alikuta nyumba isiyo na taa wala meza. Shule zilipofunguliwa walimu hao walirudi na macho mengine.

Mwalimu ambaye pia ni mama

Mwalimu mwanaume alipokaa nyumbani na simu, watu walisema anafanya kazi. Mwalimu mwanamke alipokaa nyumbani na simu, watu walisema yupo nyumbani. Basi aliitwa kupika, kufua, kumshika mtoto, kupokea mgeni. Alirekodi somo huku sombe ikichemka. Wengi waliacha kazi ya shule hadi watoto walale, wakafundisha usiku kwa mwanga wa simu ileile.

Na watoto wake mwenyewe? Mama mmoja alicheka kidogo kabla ya kutujibu. Alikuwa akiwafundisha watoto tisa wa watu wengine kwa simu, na wake wanne walikaa pembeni bila somo kwa sababu simu ilikuwa moja.

Sisi wazazi tulijifunza nini

Wakati ule sisi wamama tuliitwa ghafla tuwe walimu wasaidizi. Wengine hatukumaliza shule. Wengine tunasoma Kiswahili lakini Kifaransa cha darasa la sita kinatushinda. Tuliona aibu mbele ya watoto wetu, na badala ya kusema hatujui, tuliwagombeza.

Walimu walitupa shauri ambalo bado linafaa leo. Mama asiyejua kusoma anaweza kumwambia mtoto: nisomee kwa sauti, kisha nieleze kwa Kiswahili umesoma nini. Mtoto akishindwa kueleza, hajaelewa, na mama atajua bila kusoma neno hata moja. Anaweza kuweka saa ya somo na kuilinda kama anavyolinda saa ya chakula. Anaweza kumpunguzia msichana kazi ya saa moja ili alingane na kaka yake. Hayo hayahitaji Kifaransa.

Na tulijifunza kupima kazi ya mwalimu. Mama mmoja wa Kakombe mwenye watoto watano alisema katika kikao kwamba baada ya majuma mawili ya kumfundisha mtoto mmoja kusoma silabi, aliacha kabisa kusema kwamba walimu wanakula pesa za bure.

Tunayopendekeza kwa vikundi

Tangu mwaka ule shule za huku kwetu zimesimama tena na tena kwa sababu nyingine: ziwa linapanda, mito inafurika, risasi zinalia. Kila mara simu za walimu zinaanza kuita. Kwa hiyo tusingoje mlango ufungwe ndipo tufikiri. Haya tumeyakubaliana na walimu wetu, na tunayaweka mbele ya kila kikundi na kila komite ya wazazi.

Kwanza, mega za somo zisitoke kwa mwalimu peke yake. Vikundi vya AVEC vina mfuko wa mshikamano. Wazazi wa darasa moja wakitoa franka kidogo kila mmoja kwa juma, mwalimu ana mega na moto wa kuchaji. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, kuwe na saa. Maswali yaulizwe hadi saa mbili za usiku, na siku ya Mungu mwalimu apumzike. Mzazi anayechelewa aandike, atajibiwa kesho.

Tatu, kundi la darasa lisimamiwe na watu wawili, mwalimu na mama mmoja wa komite. Asiye mzazi wala mlezi wa mtoto wa darasa hilo aondolewe. Anayemwandikia mwalimu au mwanafunzi maneno machafu, ujumbe wake uhifadhiwe na upelekwe kwa direkta au prefe, na chama chetu kitasindikiza.

Nne, nyumba yenye simu ishike nyumba mbili au tatu zisizo na simu. Mama mwenye picha ya somo amwite mtoto wa jirani aje kunakili kwenye kaye yake. Darasa la watoto tisa linaweza kuwa la thelathini bila kununua simu hata moja.

Tano, tuandike majina ya watoto wa kila mtaa waliokuwa shuleni kabla ya kufungwa. Shule ikifunguliwa tuhesabu. Aliyekosekana tumfuate nyumbani kwake juma lilelile, hasa msichana. Aliyezaa naye ana nafasi yake darasani.

Sita, na hili si la kikundi peke yake: tuendelee kupaza sauti pamoja na walimu hadi kila anayefundisha awe kwenye orodha na alipwe. Elimu bila malipo kwa mzazi ni jambo jema. Ikilipwa kwa njaa ya mwalimu, haijawa ya bure.

Katika mkutano wa mwezi ujao kila kikundi kije na majina mawili: mama mmoja atakayesimamia kundi la darasa pamoja na mwalimu, na mwingine atakayeshika orodha ya watoto wa mtaa. Na kabla ya siku hiyo, mama, mpitie mwalimu wa mtoto wako. Usimpelekee malalamiko juma hili. Muulize tu anaendeleaje, na ana mega.